Soka la Uskoti: mlango uliachwa wazi, adhabu wakabeba mashabiki

Tarehe 13 Mei 2006, kwenye uwanja wa Hampden Park jijini Glasgow, Hearts ya Edinburgh iliifunga Gretna kwa matuta katika fainali ya Kombe la Uskoti. Miaka miwili baadaye Gretna, timu ya mji mdogo ulio mpakani na England, haikuwepo tena. Mwaka 2013 Hearts nayo ikaangukia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, yaani watu wanaopewa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni wajaribu kuiokoa. Timu zote mbili ziliishi kwa mfuko wa mtu mmoja. Gretna ilimtegemea Brooks Mileson, na afya yake ilipodhoofika pesa zikakauka. Hearts ilikuwa ya Vladimir Romanov, ambaye benki yake huko Lithuania ilianguka.

Lakini kisa kilichoivua nguo mifumo ya uongozi wa soka la nchi ile ni cha Rangers, klabu kubwa ya Glasgow. Hoja yangu ni kwamba tatizo la Uskoti halikuwa upole wa adhabu. Adhabu zilikuwepo, nyingine kali sana. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mlangoni na kumkagua mnunuzi kabla hajaingia.

Mei 2011, David Murray, aliyeimiliki Rangers tangu 1988, alimuuzia Craig Whyte zaidi ya asilimia 85 ya hisa kwa pauni 1. Sharti lilikuwa Whyte alimalize deni la pauni milioni 18 ambalo klabu ilidaiwa na benki ya Lloyds. Deni lililipwa kweli. Ila pesa zilitoka kwa Ticketus, kampuni iliyotoa zaidi ya pauni milioni 20 kununua tiketi za misimu ijayo ambazo Rangers ilikuwa bado haijaziuza. Shabiki wa Ibrox, uwanja wa Rangers, ndiye aliyemnunulia Whyte klabu, na hakuna aliyemuuliza.

Kisha klabu ikaacha kupeleka serikalini kodi iliyokuwa ikikata kwenye mishahara, pamoja na VAT. Februari 14, 2012, ikiwa imelimbikiza takriban pauni milioni 9 za namna hiyo, ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Mwezi Juni mamlaka ya kodi, HMRC, ilikataa mpango wa kulipwa sehemu tu ya madeni, na kampuni iliyokuwa ikiendesha klabu ya tangu 1872 ikaenda kufilisiwa. Katika orodha ndefu ya wadai walikuwemo polisi wa Strathclyde, huduma ya magari ya wagonjwa na muuza magazeti.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: Whyte alikuwa amewahi kufungiwa miaka 7 asiwe mkurugenzi wa kampuni. Jambo hilo liliwekwa wazi na waandishi wa BBC Scotland, Oktoba 2011, miezi mitano baada ya mauzo. Shirikisho la soka, SFA, lilikuwa na kanuni ya kiongozi anayefaa, lakini kanuni hiyo ilitegemea sana klabu yenyewe ijaze fomu na kusema ukweli. SFA ilimtangaza Whyte kuwa hafai Machi 2012, klabu ikiwa imeshaanguka. Na haki lazima isemwe: Juni 2017 Mahakama Kuu mjini Glasgow ilimwachia huru katika mashtaka ya ulaghai. Wapo wanaolitumia hilo kumsafisha. Mimi naona linaiumbua kanuni ya soka. Kama yaliyoiangusha klabu ile hayakuwa jinai mbele ya sheria, basi kizuizi pekee kilikuwa kanuni za soka lenyewe, nazo zilikuwa karatasi ya kusaini.

Kabla ya Whyte kulikuwa na jambo jingine. Kati ya 2001 na 2010, enzi za Murray, zaidi ya pauni milioni 47 zilipitishwa kwenye mfuko wa amana uliowapa wachezaji na viongozi pesa kwa jina la mikopo. Mabaraza mawili ya kodi ya mwanzo yalielemea upande wa Rangers, kwa hiyo si haki kusema kila mtu alijua ni kosa. Mwisho wake, Julai 2017, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kuwa zile zilikuwa mishahara na zilipaswa kukatwa kodi.

Kwa upande wa soka, swali lilikuwa barua za pembeni: ahadi walizopewa wachezaji ambazo hazikuwasilishwa kwa wasajili. Tume ya jaji Lord Nimmo Smith ilisema Februari 2013 kwamba kuzificha kulikuwa kosa, ikatoza faini ya pauni 250,000 kwa kampuni ambayo tayari ilikuwa inafilisiwa. Mataji hayakuguswa. Sababu ilitoka kwa SFA yenyewe: usajili ukishapokelewa unabaki halali hadi utakapofutwa, na hauwezi kufutwa kwa kurudi nyuma. Naielewa mantiki hiyo, maana bila hiyo kila matokeo yangeishi roho juu. Lakini maana yake ni kwamba anayeficha vizuri hadi msimu uishe amepona. Baada ya hukumu ya 2017 bodi ya ligi iliomba uchunguzi huru wa jinsi mambo yalivyoshughulikiwa. SFA ikakataa. Hapo ndipo kesi ya nyani ilipobaki kwa ngedere.

Wanaotetea soka lijiongoze lenyewe wana hoja zenye uzito. Ya kwanza ni Julai 2012. Viongozi wakuu walionya kwamba soka litakufa polepole bila Rangers kwenye ligi kuu. Klabu za ligi kuu zilikuwa na kila sababu ya kifedha ya kuibeba kampuni mpya iliyochukua Rangers baada ya ile ya zamani kufilisiwa, lakini 10 zilipiga kura ya kuikataa, Kilmarnock haikuchagua upande, na ni Rangers pekee iliyosema ndiyo. Kisha klabu 25 kati ya 30 za madaraja ya chini zikaipeleka daraja la nne. Mashabiki walikuwa wametishia kutonunua tiketi za msimu, na viongozi wao wakasikia. Soka halikufa: St Johnstone, Inverness na Ross County zilichukua makombe yao makubwa ya kwanza ndani ya miaka minne. Mechi ya kwanza ya ligi ya Rangers pale Ibrox, dhidi ya East Stirlingshire, ilijaza watu zaidi ya 49,000.

Ya pili ni pesa. Uskoti ni nchi ya watu milioni 5 na ushei, na haki za televisheni haziingizi kitu kikubwa. Wasomaji wa Kenya wanamkumbuka Victor Wanyama, aliyeifunga Barcelona akiwa Celtic Novemba 2012. Mwaka uliofuata aliuzwa Southampton kwa pauni milioni 12.5 zilizoripotiwa, rekodi kwa klabu ya Uskoti wakati huo. Kama bingwa anaishi hivyo, timu ya mji mdogo ikimkataa tajiri mwenye maswali itampata wapi mwingine?

Lakini jibu lingine limeshaonekana. Hearts ilianza msimu wa 2013/14 ikiwa na pointi 15 pungufu na ikashuka daraja. Maelfu ya mashabiki wake wakachanga kila mwezi, wakishirikiana na Ann Budge, na Agosti 2021 hisa nyingi zikawa zao. Walilipa madhambi ambayo hawakuyatenda, ila walipata klabu.

Baada ya 2012 ligi ilibana kanuni kuhusu klabu zinazochelewesha kodi ya mishahara, na hilo nalipongeza. Hata hivyo, Oktoba 2024 Inverness iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na Novemba Dumbarton ikafuata. Kila moja ilipokwa pointi 15. Waliotunga bajeti hawapotezi pointi. Anayezipoteza ni kipa na mwenye tiketi ya msimu.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya msimamizi huru wa soka la England Julai 2025, na sheria hiyo haivuki mpaka kuingia Uskoti. Sitaki Uskoti inakili ofisi kubwa namna ile. Klabu 42 hazina pesa hizo. Nataka ofisi ndogo iliyo nje ya SFA na ya ligi, yenye mamlaka ya kudai nyaraka za benki za mnunuzi kabla hisa hazijahama, na ya kusimamisha mauzo pale chanzo cha pesa kisipoonekana. Swali moja tu Mei 2011, kwamba hizi milioni 18 zimetoka wapi, lingeifikia Ticketus ndani ya siku chache.