Perege wa Kigamboni na sinapsi tusiyofundishwa

Jumapili nilikuwa kwa mjomba Kigamboni, anakofuga perege. Alikuwa amewatoa wachache kwenye beseni. Binamu yangu wa kike, yuko kidato cha tatu, akagonga ukingo wake kwa kijiko. Kufumba na kufumbua, wote wamejikunja na kufyatuka. "Kaka, mbona wamewahi hivyo?"

Daftari lake la baiolojia lina sinapsi, yaani mahali neva mbili zinapokutana, ya aina moja: neva inamwaga kemikali, kemikali inavuka mwanya, neva ya pili inaamka. Nami nilifundishwa hivyohivyo. Si uongo, ila ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomjibu yule binti.

Katika ubongo wa nyuma wa samaki wengi kuna seli mbili kubwa, moja kila upande, ziitwazo seli za Mauthner. Mojawapo ikishtuliwa na sauti, samaki hujipinda kuikwepa ndani ya takriban milisekunde 10. Neva za sikio huigusa seli hiyo kwa ncha nene, na ncha hizo ndizo zinazonivutia kuliko kitu kingine chochote katika somo hili. Zitazame kwa hadubini ya elektroni. Sehemu fulani utaona vifuko vya kemikali vimejipanga mbele ya mwanya wa nanomita kama 20. Pembeni yake, kwenye ncha ileile, utando wa seli mbili umekaribiana hadi nanomita 3 hivi, na hapo vinyweleo vya protini, yaani vijitundu vyembamba, vimetoboa pande zote mbili. Umeme unapita moja kwa moja, haungoji kemikali imwagwe. Mwaka 1963 mwanasayansi J. David Robertson alionyesha, katika samaki wa dhahabu, kwamba sehemu hizo zimepangika kwa pembe sita mithili ya sega la nyuki. Kila kinyweleo kina nusu mbili, kila nusu protini sita za koneksini. Tena katika samaki huyo nusu hizo hazifanani: upande wa neva ya sikio ni koneksini ya aina iitwayo 35, upande wa Mauthner ni ile iitwayo 34.7.

Wanasayansi walibishana miaka mingi: neva huzungumza kwa umeme au kwa kemikali? Ncha hii moja hufanya yote mawili, na zaidi ya hapo, upande wa kemikali unaweza kuuongezea nguvu upande wa umeme. Mwanafunzi akinyimwa hilo amenyimwa sehemu tamu kabisa ya somo.

Ninawaomba walimu wa Dar waanzie kwenye beseni. Perege wapo, kijiko kipo. Na asiwepo wa kusema hayo ni ya samaki tu, maana ubongo wa binadamu nao una sinapsi za umeme, zilizojengwa kwa koneksini 36, ndugu wa karibu wa ile 35.