Siyo jua peke yake

Mwandishi wa makala ya zabibu anasema zimestawi Dodoma kwa sababu ya jua kali. Jua hata Dar es Salaam lipo, lakini panda mzabibu huko uone unyevu utakavyoujaza magonjwa ya ukungu. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari; usiku kunapoa, hewa kavu, na mvua ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Ndiyo maana mkulima wa Hombolo au Mpunguzi, hukohuko Dodoma, hupogoa (hukata matawi) kwa mahesabu, akavuna Machi na tena Agosti au Septemba. Zao la Machi linaiva mvua ikinyesha, watu bomba za dawa ya ukungu mgongoni. La kiangazi ndilo lenye sukari.

Halafu udongo, ambao makala haijaugusa kabisa! Chota ule wa Hombolo: kichanga chekundu, kinachuruzika vidoleni. Maji hayatuami kwenye mizizi. Shuka bondeni kwenye mfinyanzi mweusi, mizabibu inadumaa.

Ila kichanga hichohicho hakishiki maji, kwa hiyo asiye na kisima zao la kiangazi analisikia kwa jirani. Hapo ndipo mwandishi angeuliza maswali.