Parachichi la Leo

Tangu karatasi ya presha yangu itoke kliniki, humu ndani chumvi inafichwa kama bangi. Leo mke wangu kanituma soko la Mlango Mmoja, hapa Mwanza: maparachichi matatu, spinachi, giligilani, ndimu. Atasaga rojo la kijani, tuchovyee karoti. Karoti! Mimi, mtu mzima wa Kirumba, niliyekulia harufu ya dagaa wa Mwaloni.

Spinachi, dakika moja. Giligilani imelala kama mgonjwa, nikaibeba hivyohivyo. Kazi ikawa kwa mama wa maparachichi.

"La kula leo au la kesho?"

"La sasa hivi, mama."

Nikanyoosha kidole kuminya, kama mjuzi. Akanichapa na upindo wa kanga. "Baba, usiniminyie! Kila mtu akibonyeza, jioni nitauza uji?"

"Sasa nitajuaje limeiva?"

Akalitikisa moja sikioni kwangu. "Kokwa hiyo, inacheza." Mpita njia, ambaye wala hanunui, akadakia: kokwa si hoja, ng'oa kikonyo, pakiwa kijani limefaa, pakiwa kahawia limepitiliza. "Usining'olee vikonyo!" Mwingine akasema nichukue mabichi tu, niyafunge kwenye mfuko na ndizi mbivu, siku mbili tatu yameiva. Siku mbili tatu, na mke ananisubiri! Bodaboda akazima pikipiki ili asikie vizuri. Kesi ikanguruma, nami mlalamikaji nimeshika ndimu, siulizwi kitu. Nikatoa elfu tatu, nikaondoka sijaminya hata moja.

Nyumbani kisu kikatoa hukumu: moja safi, moja jiwe, moja jeusi ndani. Blenda ikaunguruma mara mbili, umeme ukakata. Basi kinu. Natwanga majani kama kisamvu cha msiba, mke kanisimamia: "Kamulia ndimu upesi, litageuka jeusi!"

"Na chumvi?"

"Kitunguu saumu kinatosha."

Hakitoshi. Jamani, hakitoshi!

Kikapatikana kibakuli kimoja, watu sita. Karoti hakuna, maana kwenye orodha hazikuandikwa, na mimi si mganga. Kitinda mimba akanusa, akauliza kama ni dawa ya minyoo.

Wakati huohuo jirani anakaanga sato. Jiko kaliweka chini ya dirisha langu, uwanja wote ule hakuuona. Ndiye huyohuyo mwenye jogoo anayewika saa nane usiku. Nilishamwambia kistaarabu: ndugu yangu, huyo jogoo au saa yake mbovu, au anakutafuta wewe. Akacheka. Wiki iliyofuata akaleta wa pili.