Wimbo si dawa ya hesabu, ila usiufute kwenye ratiba

Mwalimu wa darasa la awali Tabora anavutwa huku na huku. Mzazi mmoja anataka mwanawe afundishwe kinanda kwa sababu amesikia muziki huongeza akili. Mwalimu mkuu naye anauliza kipindi cha nyimbo kina kazi gani wakati KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) zenyewe zinasuasua. Wanaonekana kupingana, kumbe wote wanaupima muziki kwa mzani uleule wa maksi. Hapo ndipo wanapokosea pamoja.

Dai la kuongeza akili lina chanzo kinachojulikana. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba wanafunzi 36 wa chuo, wakisikiliza sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10, walifaulu zaidi maswali ya kukunja na kukata karatasi kwa kuwazia tu. Nafuu hiyo ilidumu kama robo saa. Hawakuwa watoto, wala hakuna aliyefundishwa ala yoyote. Pamoja na hayo, mwaka 1998 Zell Miller, gavana wa Georgia huko Marekani, aliomba dola 105,000 ili kila mtoto mchanga wa jimbo lake apewe rekodi ya muziki wa aina hiyo. Waliorudia jaribio baadaye waliona maelezo mepesi zaidi: aliyechangamka hufanya vizuri kidogo kuliko aliyepooza, awe amechangamshwa na Mozart au na kitu kingine anachokipenda.

Kusikiliza ni jambo moja, kujifunza ni jingine, na huko ushahidi una uzito zaidi. Glenn Schellenberg aliwagawa watoto 144 wa miaka sita mjini Toronto, mwaka 2004: wengine kinanda, wengine kuimba, wengine maigizo, wengine wakasubiri. Baada ya mwaka wa masomo, waliojifunza muziki walipanda pointi 7 za kipimo cha akili, na wasiojifunza walipanda 4.3. Tofauti haifiki hata pointi tatu. Waliojifunza maigizo, kwa upande wao, ndio walioongeza uwezo wa kuishi vizuri na wenzao. Mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet walikusanya tafiti 54 zenye watoto karibu 7,000. Pale ambapo kundi la muziki lililinganishwa na kundi lililopewa shughuli nyingine ya maana, faida ya muziki kwenye akili na masomo ilikuwa karibu na sifuri.

Kwa hiyo mzazi anayelipia kinanda ili mtoto apate A ya hesabu anunue tu kitabu cha hesabu. Watoto wanaosoma muziki mara nyingi hutoka kwenye nyumba zenye vitabu, chakula cha uhakika na mtu mzima mwenye muda jioni, na hayo yangewainua hata bila kinanda. Historia ya mji pia haiongezi hoja. Tabora ilizaa Kiko Kids na Tabora Jazz, bendi zilizosikika nchi nzima, lakini hakuna aliyewahi kudai kwamba watoto waliokulia karibu na kumbi zao walikuwa hodari wa kugawanya.

Wapinzani wa kipindi cha nyimbo wakifika hapa hushangilia mapema. "Hauongezi akili" hakumaanishi "hauna kazi". Kazi yake ni nyembamba, na iko kwenye sikio na lugha. Nina Kraus na wenzake waliwafuatilia watoto wa familia zenye kipato kidogo Los Angeles waliokuwa kwenye mafunzo ya muziki ya bure. Baada ya miaka miwili, ubongo wao ulitenganisha vizuri zaidi sauti zinazokaribiana kama "ba" na "ga". Baada ya mwaka mmoja tu, mabadiliko hayo hayakuwa yameonekana. Usha Goswami wa Cambridge naye ameonyesha mara nyingi kwamba watoto wenye shida kubwa ya kusoma hupata tabu pia kushika mapigo.

Kiswahili kinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu kusoma kwetu huanzia kwenye silabi. Makofi na silabi ni ndugu. Chukua maneno ya sokoni: a-sa-li, makofi matatu; tu-mba-ku, matatu; ma-we-se yanayotoka Kigoma, matatu. Ugumu unaanza kwenye "dagaa". Watoto wengi hupiga mawili kwa sababu ile "a" ya mwisho humezwa, nao wakija kuandika huandika "daga". Halafu kuna "mtu", makofi mawili, m-tu. Mtoto akipiga "mu-tu" usimkatize kwa ukali. Nyumbani Mnyamwezi anasema munhu, Muha anasema umuntu, kwa hiyo hiyo "mu" anaisikia kweli. Mwambie afumbe midomo na kuguna "mmm" huku akipiga kofi la kwanza. Tofauti ya "mtoto" (matatu) na "mbuzi" (mawili) iache hadi wazoee, maana "m" ya kwanza inajitegemea na ya pili imeungana na "b". Ukizileta siku moja utawachanganya.

Dakika 15 kwa siku zinatosha, na ni afadhali kila siku kuliko saa nzima Ijumaa. Makosa ya kawaida ni ya mwalimu. La kwanza ni mwendo: mtu mzima hupenda mapigo ya polepole, mtoto wa miaka minne au mitano hushika ya haraka zaidi. Anza na mapigo mawili kila sekunde, ukitazama mshale wa saa ya ukutani. La pili ni kina cha sauti. Mwalimu wa kiume akianzisha wimbo kwa sauti yake ya kifua, watoto huishia kukoroma au kupayuka. Ni bora mtoto mwenye sauti safi aanzishe. La tatu ni kumwachia redio kazi. Watoto wadogo hushika mapigo vizuri zaidi wakimfuata mtu wanayemwona kuliko spika.

Ala si lazima. Nyumba isiyotaka ala kwa sababu ya dini haina cha kupoteza, kwani makofi, hatua na sauti ya kasida vinafanya kazi ileile. Ukitaka kayamba, tia vijiko viwili vya mahindi kwenye chupa ya nusu lita, na gundisha kifuniko, la sivyo punje zitaishia puani. Ukijaza zaidi ya theluthi, sauti inakufa. Kwenye darasa la watoto 80 toa chupa kumi tu kwa zamu. Zikitoka themanini kwa pamoja hakuna atakayesikia mapigo, na mwalimu wa jirani ataleta malalamiko ya haki.

Simu ni suala jingine. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Video ya nyimbo za watoto haina msamaha. Kwa mtoto anayesikiliza kwa visikizi, kiwango salama ni desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu mkuu angelipenda hata kama hapendi nyimbo. Mtoto anayechelewa kofi moja kila mara, macho yake yako mikononi mwa jirani, mgeuze aangalie ukuta kisha endeleeni. Akinyamaza kabisa, tatizo huenda si uvivu wala akili, bali hasikii vizuri. Mwulize mama kama sikio limewahi kutoa usaha, kisha apelekwe hospitali akapimwe kabla hajakaa miaka miwili nyuma ya darasa akiitwa mzito.