Kata "suala zima la", lakini usiiguse "nadhani"

Anayehariri kazi yake mwenyewe huambiwa apunguze maneno. Ushauri ni mzuri, ila wengi huutekeleza kwa kiwango: rasimu ya maneno 1,000 ishuke hadi 900. Kwa Kiswahili kiwango hicho kina kasoro. Neno moja kama "hawakuniambia" tayari limebeba ukanushi, watenda, wakati na mtendwa, kwa hiyo sentensi yetu ya kawaida imeshabana tangu mwanzo. Anayelazimisha 900 huishia kung'oa vineno vyenye kazi, wakati ziada yenyewe imejaa kwingine, kwenye misemo ya jukwaani na ya ofisini.

Tazama sentensi hii, ya aina inayosikika kila siku kwenye risala: "Kimsingi, suala zima la upatikanaji wa maji katika kijiji chetu ni suala ambalo kwa namna moja ama nyingine limekuwa likisababisha changamoto kwa wananchi walio wengi." Ni maneno 25. "Suala" limekuja mara mbili bila kuongeza kitu, na "kwa namna moja ama nyingine" inakwepa kusema ni namna ipi. Ukipunguza, unapata: "Wananchi wengi kijijini kwetu wana shida ya maji." Maneno 8.

Faida kubwa hapo si ufupi. Sasa msomaji anauliza: shida gani? Bomba halitoi, kisima kiko mbali, au ndoo imepanda bei? Pengine mwandishi mwenyewe hajui, na yale maneno 17 yalikuwa yakimfichia. Ndiyo maana sentensi iliyopunguzwa vizuri mara nyingi hurefuka tena kidogo: inabidi uende ukatafute taarifa iliyokosekana.

Kwa misemo ya namna hiyo sina huruma. Kwa maneno mengine lazima upime moja moja. "Polisi waliweza kuwakamata watuhumiwa" inatosha kuwa "Polisi waliwakamata watuhumiwa". Lakini "baada ya saa 6 waliweza kuuzima moto" ina jasho ndani yake, na ukiondoa "waliweza" jasho hilo linapotea. "Kisha" mbele ya "akaondoka" kwa kawaida haihitajiki, kwa kuwa -ka- imeshaonyesha mfuatano. "Mimi" katika "mimi ninaamini" huondoka bila hasara, ila si katika "yeye alilipa, mimi nikakopa".

Wanaopenda kufupisha huishambulia zaidi "ambaye", na hapo ndipo wanapokosea mara nyingi. "Mwalimu ambaye alitufundisha" huwa "mwalimu aliyetufundisha" bila tatizo. Kiambishi -me-, hata hivyo, hakipokei kirejeshi (kama -ye- ya "aliyetufundisha") katikati, kwa hiyo "mgonjwa ambaye amelazwa" hugeuzwa "mgonjwa aliyelazwa". Wa kwanza bado yuko wodini; wa pili huenda alisharuhusiwa wiki iliyopita. Kwenye habari ya hospitali, hilo ni kosa la taarifa.

Wanaotetea maneno "ya ziada" wana hoja yao nzito kwenye adabu. "Tuma risiti leo" na "Naomba unitumie risiti leo" zinadai kitu kilekile, ila mpokeaji wa ya kwanza anaona ameamrishwa. "Naomba" ibaki. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" ningeifuta, maana kichwa kinaonekana. Wanaosema barua rasmi bila mstari huo inaonekana pungufu, sioni haja ya kugombana nao, hasa kama ni barua ya kuomba kazi.

Kwa utaratibu, ilaze rasimu usiku mmoja. Mzunguko wa kwanza tumia kitufe cha kutafuta: kimsingi, suala zima, kwa namna moja, kuweza, ambaye, hali ya. Usibadilishe yote kwa mkupuo. Soma kila sentensi kabla ya kufuta. Mzunguko wa pili soma kwa sauti.

Uangalifu zaidi unahitajika kwenye kauli za watu uliowahoji. "Yaani" na "unajua" za mwanzo wa sentensi ziondoe. "Labda", "nadhani" na "nasikia" usiziguse, hata nafasi ikiwa finyu kiasi gani. Shahidi aliyesema "nadhani dereva alikuwa amesinzia" alitoa dhana yake. Ukimwandika akisema "dereva alikuwa amesinzia", umemfanya amtuhumu mtu kwa jambo ambalo hakuliona.