Usiniambie "ni msemo tu"

Mwenzangu wa kazini, hapa Madrid, alijifuta jasho, akaagiza bia, akasema: "Hoy he trabajado como un negro." Leo nimefanya kazi kama mtu mweusi. Macho yetu yakakutana, akanishika bega: ni msemo tu, ndugu yangu. Nikatabasamu. Mpaka leo najuta sikumuuliza msemo huo umetoka wapi. Umetoka utumwani, na Cuba, iliyokuwa koloni la Hispania, utumwa ulikomeshwa mwaka 1886.

Kihispania nakipenda, ndiyo maana hili linaniuma. "Merienda de negros", yaani mlo wa jioni wa watu weusi, maana yake ni vurugu tupu. "Denigrar", kumvunjia mtu heshima, asili yake ni Kilatini: kumpaka mtu weusi. Magendo nayo ni "mercado negro", soko jeusi. Sisi neno magendo lilitutosha bila kutaja rangi ya mtu yeyote, halafu siku hizi nasoma watu wakiandika "soko jeusi". Jamani, tunalichukua la nini?

Hata hivyo, haki lazima itendeke. Novemba 2020 Edinson Cavani, mwanasoka wa Uruguay aliyekuwa akichezea Manchester United ya Uingereza, alimjibu rafiki yake mtandaoni, "Gracias, negrito", yaani asante, kijana mweusi. Akafungiwa mechi 3 na kutozwa faini ya pauni 100,000. Kwao Uruguay marafiki huitana hivyo kwa mapenzi, nami naamini hakumtukana mtu. Lakini mwaka 2011 Luis Suárez, naye wa Uruguay, akiwa Liverpool, alimwita Patrice Evra, mchezaji mweusi wa Manchester United, "negro" huku wakigombana uwanjani, kisha akajitetea kwa hoja hiyohiyo ya Uruguay. Akafungiwa mechi 8, na kwangu ilikuwa sawa. Evra hakuwa rafiki yake, na pale hapakuwa na mapenzi.

Kwa hiyo tunaposimulia mambo haya kwa Kiswahili, tusiishie kuandika "alimwita mweusi". Tuseme nani alimwambia nani, na kwa sauti gani. Wala tusifunike. Mei 2023, Vinícius Júnior, mchezaji mweusi wa Real Madrid kutoka Brazil, alipotukanwa uwanja wa Mestalla, Valencia, nilisoma kwa lugha yetu kwamba alitupiwa "maneno yasiyofaa". Maneno gani? Aliitwa "mono", nyani. Mashabiki 3 walihukumiwa kifungo cha miezi 8 Juni 2024, hukumu ya kwanza ya aina hiyo katika soka la Hispania, na mahakama ilitaja waziwazi kelele na ishara za kuigiza nyani.