Panya wa maabara naye auliwe kwa wema

Panya ameruhusiwa kuuliwa. Kwetu Zanzibar hata mtoto wa chuoni analijua hilo: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali, hao watano wanauliwa hata ndani ya Haram ya Makka. Kwa hiyo kila ninapoanza kuzungumzia namna panya wa maabara wanavyouliwa, hujibiwa kabla sijamaliza. "Mwanangu, huyo ni panya," ami yangu aliniambia barazani Malindi. "Ungelikuwa unamtetea paa tungelikuelewa."

Ami namheshimu, lakini kwa hili simfuati. Ruhusa ya kuua haikuja bila masharti. Katika Sahih Muslim imo hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws, kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema juu ya kila kitu. Basi mnapoua, ueni vizuri, na mnapochinja, chinjeni vizuri, na mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Kuua kumetajwa kabla ya kuchinja. Kuchinja ni kwa wale tunaowala, ama kuua kumewakusanya na wengine wote, na panya yumo.

Na huyu wa maabara ana haki juu yetu kuliko yule anayetoboa gunia la mchele. Yeye hakuingia nyumbani kwa mtu. Sisi ndio tuliomzalisha, tukamfungia, tukamtia dawa au maradhi ili tujue jinsi ya kuwatibu watoto wetu. Mwisho wa utafiti huuliwa, ama kwa sababu viungo vyake vinatakiwa kuchunguzwa, ama kwa sababu maradhi yameanza kumtesa. Hilo silipingi. Ninachokipinga ni kuuliwa ovyo.

Njia inayotumika sana duniani ni gesi ya kaboni dayoksaidi. Ukiitazama ni kazi nyepesi: panya ndani ya boksi, mtungi pembeni, unafungua koki. Lakini mambo yote yamo kwenye hiyo koki. Gesi hii ikikutana na unyevu wa pua na macho hugeuka asidi, na ikimiminwa kwa wingi panya akiwa bado ana fahamu, inamchoma. Ikiingia polepole mno, anakaa muda mrefu akihisi pumzi inamwishia. Mwongozo wa chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani wa mwaka 2020 unataka gesi iingie kwa kasi ya asilimia 30 hadi 70 ya ujazo wa boksi kwa dakika. Kwa boksi la lita 20, hizo ni lita 6 hadi 14 kila dakika, na hakuna mtu anayeweza kukisia hayo kwa kusikiliza mvumo wa mtungi. Lazima kiwepo kifaa cha kupimia kasi ya gesi.

Nimewahi kufanya kazi penye mtungi na boksi, kipimo hakuna. Koki inafunguliwa, gesi inavuma. Panya weupe wanaacha kunusanusa chini, wanainua pua juu, kisha wanakimbilia pembeni na kukwaruza plastiki kwa kucha, huku wanapandana. Kijana aliyeshika koki hakuwa katili hata kidogo. Hakuna aliyemfundisha, basi, na panya walikuwa wengi na jioni imeingia.

Mahali pengine hata mtungi haupo. Inachovywa pamba kwenye klorofomu, inatiwa ndani ya chupa, na panya anafuatia. Klorofomu inaharibu ini na inashukiwa kuleta saratani kwa binadamu, kwa hiyo anayeumia si panya peke yake; ni na mwanafunzi anayeivuta kila akifungua kifuniko. Mwongozo huohuo hauikubali.

Wanaosahauliwa kabisa ni vitoto vyao. Panya aliyezaliwa leo anastahimili kukosa oksijeni kuliko mkubwa, na kumuua kwa gesi kunaweza kuchukua hadi dakika 50. Asiyelijua hilo anamwona katulia, anamtia kwenye mfuko wa taka, na kitoto kinazinduka humo humo. Ndiyo maana kifo hakikisiwi. Pumzi iwe imekatika, moyo usisikike kwenye vidole, jicho likiguswa lisipepese, kisha ifuate njia ya pili, kama vile kuvunja shingo. Kuvunja shingo kwenyewe, kwa mkono wa fundi, ni kifo cha upesi sana, ila panya asizidi uzito wa gramu 200. Kwa mkono wa mtu anayejaribu, ni mateso.

(Na ile gundi ya panya tunayotega majumbani, jamani, tuiache. Panya ananasa usiku anakaa hai mpaka asubuhi, na tukiamka tunamtupa jaani na gundi yake. Mtego wa chuma wenye nguvu unamaliza mara moja.)

Asiyeguswa na mateso ya panya na afikirie basi utafiti wake. Mnyama aliyejaa hofu hupandisha homoni na sukari ya damu. Ukichukua damu hiyo ukapima, sehemu ya unachokisoma ni hofu ya dakika zake za mwisho, wala si dawa uliyompa. Wanasayansi wawili wa Kiingereza, Russell na Burch, walishaandika mwaka 1959 kwamba ubinadamu kwa mnyama na elimu nzuri ni vitu vinavyokwenda pamoja.

Najua jibu litakalokuja: fedha. Lakini bajeti za utafiti hupata posho za semina na maji ya chupa, zikakosa kipimo cha gesi na dawa ya usingizi. Kamati za maadili zinazopitisha maombi ya utafiti zisiridhike na sentensi kwamba wanyama "watauliwa kwa njia inayokubalika." Ziulize ni njia gani, kwa kifaa gani, nani atakayeifanya, na nani aliyemfundisha. Na mwanafunzi akisema mkono wake bado haujawa tayari, apewe mizoga afanyie mazoezi; panya aliye hai amshughulikie anayejua.